Kichwa Changu Kiacheni

Jumamosi iliyopita nilikuwa bado nimejilaza, mke wangu yuko jikoni, akanitumia meseji kuuliza kama nimeamka, chai inapoa. Nikaandika "Nime", simu ikamalizia yenyewe: "Nimekwama kwenye foleni Mwenge, bosi." Na mimi kwa usingizi nikabonyeza. Muda si muda yuko mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba Neema, hiyo foleni iko upande gani wa godoro?"

Simu haina kosa. Kila asubuhi inaniona nikimwandikia bosi maneno hayohayo, ikayakariri. Sasa kama kitu ninachokigusa kwa kidole tu kinanijua hivi, kikiingia kichwani je?

Maana kijana anayetengeneza simu hapo kona kaniambia wameshaanza. Kampuni ya Elon Musk, Neuralink, ilimpandikizia mtu wa kwanza chipu ya ubongo Januari 2024. Ni Mmarekani, Noland Arbaugh, aliyepooza kuanzia mabegani kwa ajali ya majini. Wakamtia nyuzi 64, nyembamba kuliko unywele, zenye elektrodi 1,024. Leo anawaza tu, kishale kwenye kompyuta kinasogea, anacheza chesi. Kwa huyo sina neno. Angepewa hata mbili.

Kinachonikera ni huyo Musk kutaka hata sisi wenye mikono mizima tuje tuungane na akili mnemba, eti tusiachwe nyuma. Niachwe! Daladala inaniacha kila siku na sijafa.

Kwanza chaji. Chipu ile ina betri. Mtaani kwetu umeme ukikatika, simu tunazipeleka saluni yenye jenereta, unalipa shilingi 500, unapewa kikaratasi chenye namba. Kichwa nacho nikiache pale, kati ya simu ya muuza mkaa na redio ya mlinzi? Tena wiki chache baada ya upasuaji nyuzi nyingi za Arbaugh zilichomoka kwenye ubongo, kishale kikaleta ubishi mpaka wahandisi waliporekebisha programu. Huku kwetu fundi angeniambia: mzee, kiache, pitia kesho jioni.

Halafu kuna adabu. Adabu yetu nusu yake ni kumeza unayoyawaza. Mama mkwe yuko kwangu wiki ya tatu. Kila asubuhi, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Namsogezea kiti, namuuliza miguu inaendeleaje, na huku kichwani nahesabu mabasi ya Tanga. Chipu ingekuwa imeshamkatia tiketi, siti ya dirishani, na ujumbe wa kumtakia safari njema.

Jana nimenunua kiswaswadu. Kina tochi, redio na mchezo wa nyoka, na ukiandika "Nime" kinakusubiri umalize mwenyewe.