Namna ya Kumchagua Kwotabeki Bila Kutazama Mpira

Umehamia Cleveland, Ohio. Kazi ya ghalani umepata, jaketi la baridi unalo, na sasa ni Aprili. Saa ya mapumziko unaingia chumba cha chai, unakuta wanaume watano wazima, wenye watoto na madeni ya nyumba, wanakaribia kukunjana mashati. Usiite walinzi. Wanamgombania kijana wa miaka 22 ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpa mkono. Wanataka timu yao, Browns, imchukue. Au wanaomba Mungu isimchukue. Na wewe, kwa kuwa umeketi, utaulizwa.

Mimi nimeulizwa Aprili tisa mfululizo. Sijawahi kutazama mechi ya chuo kikuu nikaimaliza, na hapa ghalani nahesabiwa mtaalamu. Sogea nikupe siri.

1. Jua mnabishania nini

Drafti yao si ile ya vizibo vya soda barazani. Kila mwishoni mwa Aprili klabu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, hupanga foleni kuchukua wachezaji waliotoka vyuoni, raundi saba, na aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye hutangulizwa kuchagua. Ndiyo maana hapa Cleveland drafti wanaijua kuliko sikukuu ya Krismasi. Kwotabeki ni yule anayepewa mpira mwanzoni mwa shambulizi, aamue autupe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Tangu Browns warudi kwenye ligi mwaka 1999, waliowahi kuanza mechi katika nafasi hiyo wamepita 40. Jeraha unaliona lilipo.

Sheria nyingine za mchezo, na kwa nini wanasimama kila baada ya sekunde chache kama gari la mkaa, hazitakusaidia. Ziruke.

2. Kariri sentensi tatu

Ya kwanza: “Mkono anao, ila miguu bado.” Inamfaa kila kwotabeki aliyezaliwa na mwanamke. Ya pili: “Nataka nimwone akibanwa.” Haipingiki, nani hataki kumwona akibanwa? Ya tatu ndiyo tamu: “Kwani amecheza na nani?” Isiwe swali. Itoe kama hukumu, kisha unywe chai. Msikilizaji ataamua mwenyewe kama una maana kwamba wapinzani wa kijana walikuwa dhaifu, au kwamba wenzake walikuwa wakali wakambeba. Vyovyote atakavyoamua, ataona mmeelewana.

3. Tumia shibiri

Kabla ya drafti vijana hupelekwa Indianapolis kukaguliwa. Wanapimwa urefu, wanapimwa uzito, wanakimbizwa yadi 40, halafu wanatandazwa kiganja na kupimwa toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo ni shibiri, ndugu yangu. Bibi zetu walipimia ukili wa mkeka. Hawa wanapimia mamilioni ya dola.

Mwaka 2020 Joe Burrow, kijana aliyekulia Athens, humu humu Ohio, alipimwa akatoka inchi 9. Watu wakaguna. Yeye akaandika mtandaoni kwa utani kwamba anafikiria kustaafu. Cincinnati wakamchukua wa kwanza kabisa, na msimu wake wa pili akawafikisha fainali, Super Bowl. Mwaka 2022 akaja Kenny Pickett, inchi 8 na nusu. Pittsburgh wakamchukua zamu ya 20, na baada ya misimu miwili wakaachana naye.

Sasa angalia utajiri uliopewa. Ukitaka mkono mdogo uwe balaa, mtaje Pickett. Ukitaka usiwe kitu, mtaje Burrow. Ila usiwataje wote wawili siku moja.

Mimi shibiri ndiyo iliyonitoa. Mwaka juzi mzee mmoja anayeendesha foklifti alichoka na maneno, akachomoa tepu ya kupimia maboksi, akaitandaza juu ya meza katikati ya makombo ya chipsi. Wakapanga mikono mmoja mmoja. Mzee mwenyewe, nane na robo. Akasema ni baridi. Zamu yangu ilipofika nikatanua vidole mpaka kiganja kikauma. Inchi 9 na robo. Chumba kikanyamaza, kisha mtu akasema taratibu, “Amempita Burrow.” Tangu siku hiyo kiti cha karibu na maikrowevu ni changu, na maoni yangu hayakatizwi. Mpira wenyewe sijawahi kuushika.

4. Taja namba, usieleze

Namba ya matumaini ni 199. Hiyo ndiyo zamu aliyochukuliwa Tom Brady mwaka 2000, raundi ya sita, akaenda kubeba mataji saba. Kwa watu wa hapa ina chumvi yake: zamu 16 kabla, Browns walikuwa na zamu yao mkononi katika raundi hiyo hiyo, wakamchukua kwotabeki mwingine, Spergon Wynn. Basi mtu akikuambia kijana wako ni wa hovyo, shusha pumzi, sema “Mia moja tisini na tisa.” Wale mamia waliochukuliwa raundi ya sita wakapotelea huko hakuna atakayewataja, maana hakuna anayewakumbuka.

Namba ya msiba ni 22. Mwaka 2007 Browns walimchukua Brady Quinn zamu ya 22. Mwaka 2012 wakamchukua Brandon Weeden, ana miaka 28 na amekwisha kujaribu maisha kwenye besiboli, zamu ya 22. Mwaka 2014 wakamchukua Johnny Manziel. Zamu ya ngapi? Hakuna kati yao aliyedumu. Kwa hiyo mtu akipendekeza kungoja mwishoni mwa raundi ya kwanza, wewe tazama dirishani, useme “Ishirini na mbili.” Nimeona mtu mzima akifunika chakula chake akatoka nje.

Kuna nyingine ambayo nakuonya usiitumie mbele ya mwenye shinikizo la damu. Mwaka 2017 Browns walikuwa na zamu ya 12. Wakaiuza kwa Houston, na Houston wakaitumia kumchukua Deshaun Watson. Miaka mitano baadaye Browns hao hao wakabisha hodi Houston kumtaka Watson huyo huyo, wakatoa zamu tatu za raundi ya kwanza na nyongeza, kisha wakampa mkataba wa dola milioni 230, uhakika hadi senti ya mwisho. Ni kama mtu aliyeuza mbuzi asubuhi akamnunua jioni kwa bei ya ng'ombe, tena mbuzi ameshaanza kuchechemea.

5. Weka akiba ya maneno

Wageni wengi huharibikia hapa. Wanachagua kijana mmoja na kumfia. Usifanye hivyo. Msifu kwa watu wa zamu ya asubuhi, mtilie shaka kwa watu wa zamu ya jioni, uwe na mashahidi pande zote mbili. Kwotabeki huchukua kama miaka mitatu kujulikana ni mtu au ni jezi tu, na kwa mwendo wa kazi hizi za ghala, nusu ya mashahidi watakuwa wamehama. Kijana akishindwa: “Nilisema nataka nimwone akibanwa. Si mmemwona?” Akifaulu: “Mkono nilisema anao.”

Na roho isikusute. Mwaka 2017 Chicago walilipa zamu nyingine ili wapande nafasi moja tu, kutoka ya tatu hadi ya pili, wamwahi Mitchell Trubisky, huku Patrick Mahomes, aliyekuja kumpita mbali, akingoja mpaka zamu ya 10. Mwaka uliofuata walikuwapo wajuzi waliomshauri Lamar Jackson aache ukwotabeki awe mdakaji. Akachukuliwa wa 32, na tangu hapo amekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili. Hao wanalipwa mishahara, wana vyumba vizima vya video. Wewe una dakika 15 za chai.

6. Usiwe na akili kupita kiasi

Mwaka jana alijiunga nasi kijana mmoja kutoka Bukavu, mpole, salamu zake za heshima. Akasikiliza siku tatu. Ya nne akasema, “Samahani wakubwa, mbona wale wanaomkinga kwotabeki asiangushwe hamuwazungumzii? Kila anayekuja si ataumizwa tu?” Alikuwa na haki kabisa. Watu wakatazama viatu vyao, mazungumzo yakafa, na mapumziko yakaisha dakika saba kabla ya wakati. Mpaka leo anakula garini.

Basi jiandae. Raundi ya kwanza ni Alhamisi, tunakusanyika kwa mzee wa foklifti, kila mtu na kinywaji chake. Inaanza saa mbili usiku. Wenyeji watakuambia saa nane. Usije ukatutokea usiku wa manane, watu wamelala.