Barua ya Wazi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kutoka kwa Wadhamini wa Gwata

Waheshimiwa, sisi ni watu wa Gwata, ile ya Kibaha na ile ya Kisarawe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huku kwetu inaheshimiwa mno, kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuigusa. Tunawapongeza pia kwa kusajili taasisi na kuzipa vyeti. Sisi nasi tumesajiliwa, ila na watu wengine: mtu huamka asubuhi akakuta meseji inayomtaja kuwa mdhamini wa mkopo asioujua.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kijana anapakua programu ya mikopo, mojawapo ya zile ambazo mtaani huitwa kausha damu, inamwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, naye anakubali kwa kuwa bila hivyo hapati senti. Siku ya marejesho ikipita, meseji zinamiminika kwa shemeji, kwa imamu, kwa mwenyekiti wa kijiji, hata kwa fundi baiskeli. Mjini aibu ya namna hiyo humezwa na wingi wa watu. Kijijini simu moja hubeba karibu kila mtu ambaye mwenye simu atamhitaji maishani, kuanzia anayemkopesha mbegu hadi atakayemzika, na wakopeshaji wanalijua hilo vizuri kuliko maofisa takwimu.

Wakopeshaji hujitetea kwamba mteja aliridhia. Sawa, aliridhia ya kwake. Namba ya imamu ni taarifa ya imamu, na hakuna aliyemuuliza; mkopaji hana mamlaka ya kugawa ridhaa ya kijiji kizima, kama asivyoweza kuweka rehani shamba la jirani. Watasema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nani kabisha? Mdai ana mkataba na ana mahakama. Fundi baiskeli hakukopa chochote. Nanyi mnaweza kusema kwamba hamjaletewa malalamiko. Lakini Sheria haikuwaweka mezani kusubiri barua tu: imewapa kazi ya kuchunguza na kuchukua hatua juu ya jambo lolote linaloonekana kuathiri ulinzi wa taarifa binafsi. Pa kuanzia papo, maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za huko kwa kutumia majina na namba za watu wengine kutuma vitisho. Faini yenyewe si ya kufilisi mtu, lakini angalau ilikuwa na jina la anayelipa.

Ikiwa uchunguzi huo utachukua muda, tunaleta ombi dogo la mpito. Tusajilini rasmi. Kila mkazi wa Gwata ambaye namba yake imehifadhiwa kwenye simu ya jirani apewe cheti cha mdhamini chenye mhuri wa Tume, na mkopeshaji amlipe kamisheni kwa kila meseji anayomtumia. Malipo yapitie kwenye simu. Namba zetu wanazo.