Ngeli za Kibodi: Utafiti wa Awali Kutoka Mbekenyera

Maandiko kuhusu kununua kibodi ni mengi, na karibu yote yameandikwa na watu ambao duka la vifaa vya kompyuta liko ng'ambo ya barabara. Wanajadili mlio wa kitufe kikibonyezwa, kinavyozama, na kama taa za chini yake ziwe za bluu au nyekundu. Hakuna aliyejiuliza karani wa chama cha msingi kule Mbekenyera afanyeje kitufe cha A kikikata roho katikati ya msimu wa ufuta, wakulima wamejaa mlangoni na karatasi zao mkononi. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo la maarifa.

Mawanda ya utafiti ni kata ya Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Nachingwea imeingizwa pia, kwa sababu kibodi haitambui mipaka ya wilaya na mnunuzi hupanda gari linalopatikana. Sampuli iliteuliwa kwa mbinu ya kunasa kilichopo: mezani kwenye steshenari, ofisini, shuleni, na kwenye boksi lililo chini ya kaunta ambalo kila fundi analo na hakuna anayejua mwisho wake.

Tatizo la kwanza ni la kinadharia. Wanaisimu wa Kiswahili wamebishana miaka na miaka kuhusu ngeli za nomino: ziainishwe kwa umbo la neno, au kwa upatanisho wake na maneno mengine katika sentensi? Kibodi zimerithi mgogoro uleule. Wafuasi wa umbo wanatazama rangi, ukubwa na idadi ya vitufe (104 kwa za Kimarekani, 105 kwa nyingi za Ulaya). Wafuasi wa upatanisho wanauliza swali moja tu, nalo ni kama itakubaliana na mashine iliyopo. Mtafiti yuko kambi ya pili, na sababu ni tundu. Kompyuta za mezani za zamani zina matundu mawili ya duara nyuma, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa mausi, aina ya tundu iliyoanza na kompyuta za IBM mwaka 1987. USB ilikuja mwaka 1996 ikawa mkubwa wa wote. Mtu aliyekwenda Ruangwa mjini akarudi na kibodi ya USB, kumbe matundu ya USB ya mashine yake yalishakufa kabla ya A, amenunua pambo la meza. Na aliye na ile ya duara ajue kwamba ukiichomeka mashine ikiwa imewaka, mara nyingi haisomi mpaka uzime na kuwasha upya, jambo lililowafanya watu wengi kuirudisha dukani ikiwa nzima kabisa.

Tuje kwenye ngeli zenyewe.

Ngeli ya kwanza ni ya mtumba kutoka ng'ambo, nayo ndiyo yenye utajiri mkubwa wa data. Hapa lazima msomaji aelewe siri moja ya kitaalamu: kompyuta haisomi herufi iliyochorwa juu ya kitufe. Inapokea namba ya mahali kitufe kilipo, kisha inatoa herufi kulingana na lugha iliyowekwa kwenye mipangilio. Mchoro wa juu ni kwa ajili ya macho yako tu. Kwa hiyo kibodi ya Mjerumani ikichomekwa kwenye mashine iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani, anayechapa kwa mazoea ya vidole hadhuriki kitu. Anayechapa kwa kutazama, ambaye ndiye sisi wengi, anaumia.

Anaumia vipi? Wajerumani wamezibadilishia mahali Y na Z. Kwa Mwingereza hasara ni ndogo, maana herufi Z haina kazi nyingi kwake. Kwa Kiswahili ni janga la kisarufi, kwa kuwa Y na Z ndizo zinazotenganisha umoja na wingi katika nomino chungu nzima. Andika "pikipiki ya mwalimu", itoke "pikipiki za mwalimu", na mwalimu amepata mali ambayo ofisi ya maadili itataka maelezo yake. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Mkulima anayeandika barua kudai malipo ya "korosho zangu zote" anajikuta akidai "korosho yangu yote", yaani kokwa moja, na barua imeshapigwa muhuri.

Kibodi za Ufaransa na Ubelgiji, ambazo ndugu zetu wa Kongo wamezizoea tangu shule, ni tawi jingine. Humo A imekaa palipo Q ya Kimarekani, W imekaa palipo Z, na M imesogezwa kando ya L. Mtafiti alichapa "wanachama" akifuata michoro kwa utii kamili, skrini ikajibu "zqnqchq;q". Kiswahili sanifu hakina kabisa Q wala X, kwa hiyo hiki ni kiwango cha juu cha uharibifu kinachoweza kufikiwa bila kumwaga chai. Dawa ipo, tena ni bure: fungua mipangilio, ongeza Kifaransa kama lugha ya kibodi, na michoro itasema kweli. Ila baada ya hapo namba za juu zitadai shifti kila moja, na karani hana subira hiyo.

Za Ghuba hazina madhara. Ni za Kimarekani zilizoongezewa herufi za Kiarabu pembeni, na kwenye kitufe cha A imekaa shini. Mzee aliyesoma chuoni ataifurahia kwa dakika chache, halafu ataendelea na kazi. Za Uingereza ni karibu salama, isipokuwa alama ya @ na alama za kunukuu zimebadilishana mahali. Hilo halimgusi mtu mpaka siku kijana anapokuja kuomba ajira mtandaoni dakika za mwisho, mfumo ukamwambia anwani yake ya barua pepe si sahihi, na yeye akaapa kwamba ni sahihi.

Ngeli ya pili ni ya boksi, yaani mpya, ya bei nafuu. Ina kitufe cha kuongeza sauti na kitufe cha kufungua kikokotoo, na kwenye boksi pamechorwa kijana anayetabasamu. Udhaifu wake uko kwenye rangi. Herufi zimepakwa juu ya plastiki, hazikuchongwa ndani, kwa hiyo zinafutika kwa jasho la vidole. Ukitaka kujua kibodi imetumikia lugha gani, tazama zilizofutika. Chukua sentensi moja ya kawaida ya tangazo: "Serikali ya kijiji inapenda kuwatangazia wananchi wote". Ina herufi 48. A ziko 10, I ziko 8, na E, ambayo ndiyo mfalme wa Kiingereza, ziko 3 tu. Kibodi ya Mbekenyera inakufa kuanzia A. Na waliopanga herufi, kwa kuwa hawakutufikiria, waliiweka A chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole ambacho hakiwezi hata kubeba ndoo. Mpangilio huo ni wa Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, na ulionekana katika hataza yake ya mwaka 1878. Mashine ya kwanza aliyoibuni iliyouzwa na Remington, miaka minne kabla ya hapo, iliandika herufi kubwa peke yake. Kuna wazee wa vijiji wanaoandika hivyo mpaka leo kwenye simu.

Nafungua mabano kuhusu salfa. Ndani ya kibodi ya kawaida kuna karatasi tatu za plastiki zilizolaliana, ya kati ina matundu, na za juu na chini zimechorwa mistari ya kupitisha umeme. Mistari hiyo kwa kawaida ni wino wenye madini ya fedha. Kila mvaa pete ya fedha anajua inavyofanya weusi. Kinachofanya weusi huo ni salfa. Sasa fikiria ofisi ambayo kona moja ina kompyuta na kona nyingine ina mifuko ya salfa ya unga inayosubiri kupulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Unga wa manjano unakaa katikati ya vitufe kama umepimwa kwa kijiko. Mtafiti hadai kwamba amethibitisha muuaji ni nani, ila anashauri mifuko ihamishwe kabla ya kibodi mpya kuletwa.

Ngeli ya tatu, isiyo na waya, nitaipita haraka. Inategemea kidude cha kuchomeka ambacho kikidondoka sakafuni kinapotea, na mara nyingi kidude cha kibodi nyingine hakiifai. Inategemea pia betri, na betri nyumbani kwetu zina waombaji wengi, wakiwamo tochi na redio.

Ya nne ni ile inayolazwa juu ya laptopu ambayo kibodi yake imekufa, kwa sababu kuifungua ya ndani ni kazi ya skrubu nyingi, na kwenye mashine nyingine imegandishwa kwenye ganda moja kwa moja. Mpangilio huu unafanya kazi, mradi tu kitufe cha ndani kilichokwama kisiwe kile cha kufuta.

Ya tano haina mwili. Ni ile ya kwenye skrini, inayobonyezwa kwa mausi, herufi moja baada ya nyingine. Imo ndani ya Windows bila malipo, na nimeona barua nzima ya uhamisho ikiandikwa humo. Wenye haraka hunakili A moja kutoka kwenye hati ya zamani na kuibandika kila inapohitajika, mbinu nzuri sana, ilimradi C na V bado ziko hai.

Kuhusu kibodi za springi, zile zenye mlio, maarufu zaidi ikiwa ile ya IBM ya mwaka 1985 iitwayo Model M, hakuna kielelezo kilichopatikana katika eneo la utafiti.

Limebaki suala la namba, na hapa wafuasi wa umbo wanapata aibu ya pili, maana kibodi fupi isiyo na namba za kulia ni nzuri sana kwa macho. Katika chama cha msingi kazi ni kilo, bei na makato. Herufi ni za jina la mkulima tu. Lakini namba za kulia zina mtego wake: kwenye kibodi 7, 8 na 9 ziko juu, kwenye simu zilizoko juu ni 1, 2 na 3, utaratibu uliokuja na simu za vitufe za Marekani mwaka 1963. Kijana aliyefanya kazi ya uwakala wa fedha za simu, akaajiriwa kuingiza mizani, vidole vyake vinakumbuka simu. Kilo 147 zinaingia kama 741. Hakuna kibodi ya kununua inayotibu hilo. Asome kwa sauti kabla ya kubonyeza enta.

Nachingwea ina historia ya kununua kabla ya kupima. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, huko na Kongwa na Urambo, matrekta yakashushwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Walipoufunga mwaka 1951 walikuwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 30. Basi pima. Usipime kwa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha na mbwa mvivu ambayo mafundi wanaipenda: ina A moja tu, halafu inapoteza muda kwenye Q na X. Chapa hii, mbele ya muuzaji: "Karani wa fedha ajaza vyeti vya chama cha msingi, ng'ombe kakurupuka, kala korosho." Ina herufi zote 24 za Kiswahili, A ziko 15, na ile alama ya ng' ambayo wengi hugundua imekufa siku ya kuandika hati ya mauziano ya ng'ombe.

Uamuzi wa mtafiti kwa Mbekenyera ni kibodi ya waya, ya USB (ikiwa matundu yake bado yako hai), yenye namba za kulia, A inayoitika kwa mguso mwepesi, na ya lugha yoyote isipokuwa Kifaransa na Kijerumani. Ikiwa inatoka Kariakoo na utaletewa kwa basi, mwambie muuzaji akutumie video akichapa sentensi hiyo yote kabla hujamtumia hela. Akisema hana muda, tafuta mwingine.