Misingi ya Urasmiolojia: Mgeni Rasmi na Aina Zake

Mwanafunzi, kaa vizuri. Zima simu, toa kalamu, andika tarehe. Elimu tunayoianza leo inaitangulia fizikia, inaitangulia hata tiba, kwa kuwa hakuna maabara wala zahanati iliyowahi kuanza kazi kabla Mgeni Rasmi hajafika. Wanajimu humaliza umri wao wakichungulia nyota. Lau wangesimama asubuhi moja tu katika uwanja wa shule ya msingi, juani, wamevaa sare, wangeuona mhimili ambao ulimwengu unauzunguka: kiti kimoja chenye kitambaa cheupe, kitupu, chini ya turubai.

Fasili. Mgeni Rasmi ni mtu ambaye kutofika kwake hukifanya kitu kilichopo kisiwepo. Isome tena. Darasa limeezekwa, lina madawati na ubao, mbuzi wa jirani ameshalala ndani yake mara kadhaa; lakini kisayansi halipo. Bomba linatoa maji, ila mama akikinga ndoo kabla utepe haujakatwa, alichobeba kichwani ni maji tarajiwa, na akiyapikia ugali atakuwa amepika ugali wa nadharia. Hali hiyo tunaiita ukablautepe. Mkasi ukishapita, kitu huingia katika ubaadautepe, na hapo mbuzi hufukuzwa.

Uwanda wa utafiti wetu ni Kahama, mkoani Shinyanga, na uteuzi huo si wa bahati nasibu. Mji uliolala hauzai sherehe. Kahama haulali. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo, mchele unatoka hapo, dhahabu inatoka pembeni yake. Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi zaidi ya 240,000. Ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 450,000, katika mji ambao mwaka mmoja kabla yake ulikuwa umepandishwa hadhi kuwa manispaa. Maji ya Ziwa Victoria yalizinduliwa 2009. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji 2009 na kusimama 2021, jambo lililoifunua aibu kubwa ya taaluma yetu: ufunguzi una utepe, ufungaji hauna hata uzi. Nimependekeza utepe wa kufungia, unaoungwa kwa gundi mbele ya meza kuu. Sijajibiwa.

Uzito wa somo unaonekana zaidi ukiutazama mwaka huohuo wa 2021, Serikali ilipochukua sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19 na kujenga vyumba 15,000 vya madarasa nchi nzima. Wachumi walihesabu saruji. Wahandisi walihesabu nondo. Utepe hakuna aliyeuhesabu. Kadiria mita tatu kwa mlango, mwanafunzi, na utapata kilomita 45 za utepe, bila kuingiza ile mikia inayobaki mikononi mwa skauti, ambayo hadi leo haina mwenye dhamana nayo.

Kabla ya aina, tujue kipimo. Muda unaopita kati ya saa iliyoandikwa kwenye kadi na king'ora cha msafara huitwa mkawio. Mkawio ni wa namna mbili, na atakayezichanganya hatafaulu. Mkawio ajali husababishwa na pancha, mvua au ng'ombe barabarani, na hauna thamani yoyote. Mkawio stahiki hutokana na cheo: gari zima, barabara nyeupe, lakini dereva mzoefu huegesha chini ya mwembe kabla ya kona ya mwisho ili heshima ikomae. Kanuni ya Kwanza ya Urasmiolojia inasema mkawio stahiki hupanda pamoja na cheo. Mtendaji wa kata hukawia chai moja. Diwani hukawia chai na vitumbua. Kuanzia wilaya kwenda juu tunaacha chai na kutumia kipimo cha kimataifa, yaani muda unaohitajika hadi mtoto wa halaiki aombe ruhusa ya kwenda msalani, akatazwe, aombe tena.

Sasa aina.

Aina ya Kwanza: Mgeni Kamili. Jina lililo kwenye kadi na mtu aliye kwenye kiti vinalingana. Huvishwa skafu, husaini kitabu cha wageni, hufunguliwa chupa ya maji asiyoyanywa. Ni aina safi, na kama ilivyo kwa dhahabu safi, haipatikani kwa wingi. Hatuna haja ya kukaa hapa.

Aina ya Pili: Mgeni wa Niaba. Hapa, mwanafunzi, ndipo wanaume hutenganishwa na wavulana. Mwalikwa wa kwanza hakuja, amemtuma mwingine. Huyo mwingine ana dharura. Naye amemtuma mwingine. Kila hatua ya kutumana huitwa daraja la niaba. Akialikwa Mkuu wa Mkoa akaja Mkuu wa Wilaya, hiyo ni niaba ya kwanza. Mkuu wa Wilaya akimtuma Katibu Tawala wake, ni niaba ya pili. Akishuka kwenye pikipiki Afisa Tarafa, vumbi kwenye nyusi, hotuba imekunjwa mfukoni, tumefika niaba ya tatu, na mshereheshaji hulazimika kuwataja wote wanne kwa mfuatano, walio hai pale na walio hai kwingine, kabla ya kutamka fomula kuu ya taaluma: itifaki imezingatiwa.

Swali lililowagawa wataalamu (mimi na mwenzangu mmoja ambaye hatusalimiani tena) linahusu nafsi ya kwanza. Hotuba iliandikwa kwa ajili ya Mkuu wa Mkoa. Afisa Tarafa anaisoma kama ilivyo: “Nilipoteuliwa kuuongoza mkoa huu…” Je, aliyeteuliwa ni nani? Mwenzangu anashikilia kwamba msomaji ni bomba tu na maneno hupita. Mimi nimethibitisha kwamba kwa muda wa kurasa sita Afisa Tarafa huyo ni Mkuu wa Mkoa kweli, na hurudi kuwa Afisa Tarafa anapokunja karatasi ya mwisho. Ushahidi ni makofi, ambayo hupungua hapohapo.

Heshima haipotei katika niaba. Kinachopotea ni ahadi. Mgeni Kamili huahidi mifuko ya saruji. Niaba ya kwanza huahidi kuifuatilia saruji. Niaba ya pili huahidi kuikumbushia. Niaba ya tatu haina uwezo wa kuahidi kabisa, na kwa hiyo asili imeijalia kitendo mbadala. Risala ya wananchi ikishasomwa, na ndani yake mna upungufu wa matundu ya vyoo, nyumba ya mwalimu na daraja la mtaani lililochukuliwa na mvua, mgeni husimama na kusema: “Hili nimelichukua.” Basi limechukuliwa. Kuanzia sekunde ile wananchi hawanalo. Nimejaribu kukokotoa mahali yanakohifadhiwa yote yaliyokwisha kuchukuliwa katika mji mmoja unaokua, na naamini lipo ghala, kubwa kuliko bandari kavu ya Isaka, ambamo madaraja, vyoo na nyumba za walimu vimepangwa safi kwa kata na kwa mwaka, vikisubiri kufikishwa. Kazi ya kulitafuta ghala hilo naiacha kwa kizazi chako.

Aina ya Tatu: Mgeni wa Viwanjani. Hupatikana kwenye UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mashindano haya yana ngazi tano: shule, kata, wilaya, mkoa na taifa. Kila ngazi ina ufunguzi na ufungaji. Mtoto wa Kahama anayekimbia mita 100 na kushinda hadi fainali ya taifa, iwe Mtwara kama mwaka 2021 au Tabora kama 2022, atakuwa amekimbia, ukiacha mchujo, mita 500, na kusimama mbele ya hotuba kumi. Walimu wa michezo wanalitazama jambo hili upande mbaya na kusema mtoto amechoka. La hasha. Mtoto amesomeshwa urasmiolojia kwa vitendo, na zile mita 500 ni mapumziko.

Mgeni wa Viwanjani hukagua timu kwa kumpa mkono kila mchezaji, wa akiba wakiwemo, kisha hupiga mpira wa ufunguzi kwa kiatu cha ngozi. Mapigo ni matatu. Pigo la chini huusukuma mpira hatua chache na kuacha mkwaruzo kwenye kiatu. Pigo la pembeni huupeleka mpira kwa waandishi wa habari. Pigo la hewa haliugusi mpira hata kidogo, na ndilo gumu kulitafsiri, kwa sababu kipa huruka vilevile. Usimcheke kipa huyo. Ana miaka kumi na miwili na tayari ameelewa kwamba wajibu wake ni kuruka upande ambao mpira haupo, hata kama mpira haupo upande wowote.

Dosari moja ya kanuni za michezo niseme wazi. Upo mchezo wa wasioona, goliboli, ambao mpira wake una kengele ndani na watazamaji hunyamaza kabisa ili wachezaji wausikie unakotokea. Maana yake ni kwamba mgeni akiingia mchezo ukiendelea, mshereheshaji hawezi kumtangaza. Anaingia, anakaa, na hakuna anayejua kwamba ameingia. Wizara ilitazame hili kabla halijasambaa kwenye netiboli.

Aina ya Nne: Mgeni Mtunzaji, wa hafla za utamaduni. Huyu hulazimika kuinuka meza kuu, kucheza hatua chache zisizo na uhusiano na ngoma inayopigwa, na kumtunza mchezaji noti. Penye bugobogobo, ambapo vijana hurusha majembe hewani na kuyadaka, Mgeni Mtunzaji hutunza kutoka mbali. Penye Wayeye, wacheza nyoka, hali ni nyeti zaidi. Chatu hatofautishi niaba ya kwanza na ya tatu. Huanzia upande wowote wa meza kuu, wakati mwingine kwa mtunza hazina, na Afisa Utamaduni hana kifungu cha kumzuia. Tabasamu analolitoa mgeni chatu akiwa mita moja kutoka kwenye skafu yake nimelipa jina la tabasamu la kikatiba, kwa sababu halibadiliki kirahisi.

Hapa sina budi kuitaja hoja ya kipuuzi ya mwanafunzi wangu wa zamani. Usukumani kuna vyama viwili hasimu vya ngoma, Wagika na Wagalu, vyenye asili katika ushindani wa waganga wawili wa kale, Ngika na Gumha. Vikundi vyao hushindana kwa kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na kinachovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi. Hakuna jaji, hakuna risala. Utaviona wakati wa Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza. Mwanafunzi huyo alidai kwamba tukitumia kipimo hicho kwenye hafla zetu, ngoma upande huu na meza kuu upande ule, tutajua nani mshindi. Nilimpa sifuri. Kwanza, meza kuu haishindani. Pili, watu huondoka upande wa meza kuu kwa sababu za kibinafsi, kama vile njaa.

Aina ya Tano: Mgeni Moto. Mwenge wa Uhuru uliwashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961 na Alexander Nyirenda, na kila mwaka hupita halmashauri zote nchini hadi kilele cha mbio zake, 14 Oktoba. Ni mgeni pekee asiye na makalio, hivyo kile kiti chenye kitambaa hakimhusu. Ni mgeni pekee anayekesha. Mkawio wake unakaribia sifuri, kwa kuwa ratiba inambana. Nayo tabia yake inavuruga nadharia zetu zote: kiongozi wa mbio hushuka garini, huomba nyaraka za mradi, husoma risiti, hugonga ukuta, na asiporidhika hukataa kuzindua. Hebu fikiri. Utepe umefungwa, mkasi uko kwenye kisahani, kwaya imeshaimba ubeti wa pili, na moto umesema hapana. Mradi hubaki kwenye ukablautepe, mhandisi hubaki kwenye hali ambayo sayansi haijaipa jina, na mbuzi hurudi ndani.

Aina ya Sita: Mgeni Wahi. Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba aina hii haiwezekani, kama vile maji kupanda mlima. Kisha ikatokea, kwenye fainali ya kata, katika shule ambayo sitaitaja kwa kuilinda. Kadi iliandikwa saa tatu. Saa tatu kasoro dakika chache mgeni akawa amesimama getini, peke yake, bila king'ora. Turubai lilikuwa bado chini. Mkuu wa shule alikuwa juu ya ngazi akifunga spika. Mshereheshaji alikuwa kwa kinyozi. Watoto, kwa kukosa mtu wa kuwazuia, walikuwa wameshaanza mechi.

Mgeni huyo alisimama kando ya mstari na wazazi. Alimuuliza mama mmoja matokeo, akajibiwa ni bao moja kwa moja, na kwamba yule mdogo wa pembeni ni mwanawe. Hakutambulishwa. Hakupiga teke lolote. Mechi ilipoisha alipiga makofi, akamsaidia mkuu wa shule kushuka kwenye ngazi, akamkabidhi nahodha kombe bila maneno, akaenda zake kwenye kikao kingine. Turubai lilisimama saa tano. Risala ikasomwa kwa kiti.

Kwa kuwa tukio hilo halikuwa na mkawio, skafu, utepe wala hotuba, nimeliondoa kwenye takwimu, na nimeiandikia kata kuiomba irudie fainali.