Tela Linalokonyeza

Mjomba, najua barua hii itasomewa vijana wa gereji kwa sauti, hapo hapo chini ya mwembe huku magari ya watu yakisubiri.

Nimenunua tela. Si lile la kufungwa nyuma ya lori, kwa hiyo msianze kunitumia karo za watoto. Ni kitela cha magurudumu mawili, sakafu ya mbao, unakivuta kwa gari dogo ukabebea makochi. Vibao vya namba vya huku Minnesota vimeandikwa kwamba jimbo lina maziwa 10,000, na wenyeji wanaamini kila ziwa linawadai boti, ndiyo maana matela yamejaa kila uani. Mimi boti sina. Mimi nina Waswahili. Kila mwisho wa mwezi kuna mmoja anahama nyumba, na tangu ninunue tela nimegundua kwamba nina ndugu wa Kigoma, wa Bukavu, wa Mombasa, na mmoja aliyekulia Muscat ambaye undugu wetu bado tunautafuta.

Aliyeniuzia alikuwa amelipiga rangi ya buluu, mpya, inang'aa. Rangi hiyo uikumbuke, Mjomba, itaitwa kutoa ushahidi.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ukiwasha indiketa ya kulia, ya kulia inakonyeza kinyonge na ya kushoto inaiitikia. Usiku, taa kubwa zikiwa zinawaka, ukikanyaga breki nyuma kunakuwa giza totoro. Yaani pale hasa unapotaka mtu aone kwamba unasimama, ndipo tela linapojificha. Halafu ukipita kwenye shimo, taa zote zinarudi, kali na zenye adabu, mpaka makutano yanayofuata.

Usiku mmoja tukasimamishwa na askari. Huku askari akikusimamisha hushuki kwenda kumsalimia. Unakaa, mikono juu ya usukani, unamngoja. Ndugu wa Mombasa alikwisha kufungua mlango aende kuongea na afande kiutu uzima, nikamdaka shati. Askari alisimama nyuma ya tela, nikawa namwona kwenye kioo, uso mwekundu kwa zile taa ndogo. Akasema nikanyage breki. Nikakanyaga, uso ukapotea. Nikaachia, uso ukarudi. Akasema nirudie. Nadhani alianza kufurahi. Mwishowe alinipa karatasi ya onyo, bila faini, akanitakia jioni njema. Ndugu wa Mombasa hadi leo hakubali kwamba mambo yaliishia pale.

Kesho yake baraza la ndugu hao likakaa kwenye maegesho ya magari. Ndugu wa Mombasa, anayeendesha malori ya masafa, akasema: "Hiyo ni fyuzi tu. Mimi huona hizi vitu kila siku." Fyuzi ilikuwa nzima. Ndugu wa Bukavu akachungulia, akatikisa kichwa: "Hii ampule imekufa." Tukabadilisha balbu zote mbili, zikakonyeza vile vile. Wa Muscat hakugusa kitu. Aliegemea gari lake, akashauri niuze tela ninunue jipya. Kila kundi la mafundi lina mtu wa aina hiyo, na mara nyingi ndiye mwenye viatu safi.

Kulipeleka gereji? Mjomba, fundi wa huku anatoza dola 100 na zaidi kwa saa, na saa inaanza kuhesabiwa kabla hajamaliza chai yake. Ndiyo sababu unaona wanaume wa huku, wasomi kabisa, wamelala chali chini ya vyombo vyao kila Jumamosi. Si kwamba wanapenda.

Nikakutumia video ya tela linavyokonyeza. Kwako ilikuwa usiku, kwa kuwa majira haya mko mbele yetu kwa saa nane, lakini ulijibu. Ujumbe wako wa kwanza wa sauti ulianza na habari za mnazi wa jirani, ukapitia msiba wa Pongwe, na mwishoni kabisa, mbwa wakibweka, ukasema: "Taa zikigombana, usiangalie taa. Angalia hasi." Nikawasikilizisha wanabaraza. Wakacheka, eti Mjomba hajaliona hata gari lenyewe.

Ikabidi aje jirani, mzee mwenye boti. Alikuwa ametutazama dirishani siku mbili bila kusema neno, maana huku kumwingilia mtu ni utovu wa adabu hata akiwa anazama. Alipotoka alitoka na testa, ile yenye mpini wa balbu na ncha ya sindano. Akabana kibanio chake kwenye bodi ya gari, akagusa pini za soketi moja moja. Plagi ni ya nyaya nne: mweupe ndio hasi, wa kahawia taa ndogo, wa njano kushoto, wa kijani kulia. Na hapa vijana wasikilize. Tela la huku mara nyingi halina balbu ya indiketa peke yake. Balbu ni ile ile nyekundu, ndani ina nyuzi mbili: hafifu wa taa ndogo, na mkali unaofanya kazi ya breki na indiketa pamoja.

Moto ulifika kwenye pini zote tatu. Gari likaachiwa huru. Mzee akavuta waya mrefu kutoka hasi ya betri akaugusisha kwenye chuma cha tela, na taa zikawaka zote, kila moja kwa zamu yake. Ndugu wa Bukavu alipiga vigelegele.

Ule waya mweupe umefungwa kwa nati kwenye chuma cha kuvutia tela. Mzee akaifungua. Chini ya kikombo cha waya, badala ya chuma, tukaikuta buluu safi, laini. Muuzaji alifungua nati, akapaka rangi, akairudisha nati juu ya rangi. Na rangi haipitishi umeme. Umeme ni kama mgeni wa harusi: ukimfungia mlango wa kutokea, atatokea jikoni kwa jirani. Ukaenda kulia, ukakosa njia ya kurudi, ukarudi kwa kupenya balbu ya kushoto, ndiyo maana ikakonyeza. Ukiwasha taa ndogo na kukanyaga breki kwa pamoja, kila waya unasukuma moto na hakuna unaoupokea, basi giza. Na yale mashimo? Mtikisiko ulikigongesha chuma cha tela kwenye lile tufe la gari la kuvutia, hasi ikapita hapo kwa muda.

Tukakwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi nzito juu. Grisi muhimu, kwani wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hula nyaya hadi zinakuwa unga wa kijani. Mzee hakutaka hata soda. Alichosema ni kwamba nikija kununua boti nichomoe plagi kabla ya kuingiza tela majini kinyumenyume, kwani balbu ya moto ikiingia kwenye maji baridi huweza kupasuka. Akarudi dirishani kwake.

Sasa tela linakonyeza upande linaoelekea tu, na ndugu wa Kigoma amekwisha kuliomba Jumamosi akachukue mbuzi wawili shambani. Nimemwambia mbuzi wasifungwe karibu na waya mweupe.

Baraza linamsifu mzee wa boti, mimi nimewakumbusha aliyetaja hasi kwanza ni nani. Ila Mjomba, ile bei ya saa niliyoandika ni ya mafundi wa huku peke yao. Usianze kujumlisha dakika za ule ujumbe wa sauti, na msiba wa Pongwe hauhesabiki.