Na Kibokoni Je, Jenerali?

Watu wana choyo cha sifa. Barazani hapa Kibokoni, Mombasa, kahawa ikishamiminwa, watoto wa wakubwa husengenywa tangu laasiri hadi magharibi. Leo namtetea mmoja: Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais Museveni wa Uganda. Kijana mzuri (alizaliwa 1974, lakini kwa babake bado ni kijana).

Tazama wepesi wake. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, hapo jirani, tangu 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu. Jenerali, Oktoba 2022, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wangeitwaa Nairobi chini ya wiki mbili. Na kwa adabu ya mpangaji akauliza: akishaiteka akae wapi, Westlands au Riverside?

Hapo ndipo alipotuvunja moyo. Kibokoni hakuitaja hata kwa bahati mbaya! Sisi tuna milango ya nakshi, upepo wa bahari, na mahamri kwa mbaazi kila asubuhi. Ni kweli kwamba vichochoro vyetu vinaishinda tuktuk, sembuse kifaru, lakini si angeuliza tu?

Ukarimu nao usiseme. Siku hizo hizo alimposa Giorgia Meloni wa Italia kwa ng'ombe 100 wa Ankole, na wakikataliwa ng'ombe, basi Roma itekwe. Nitajieni bwana harusi wa Mombasa aliyetaja mahari na vita kwa pumzi moja.

Lakini faida yake kubwa kwetu sisi wazazi ni somo la malezi. Mtoto wa Kibokoni akivunja kioo cha jirani, atalia kwanza, kisha baba alipe. Mzee Museveni ametuonyesha njia ya kisasa: alituomba radhi Wakenya, akamtoa kijana kwenye ukamanda wa jeshi la nchi kavu, na papo hapo akampandisha kutoka Luteni Jenerali hadi Jenerali kamili. Machi 2024 akamkabidhi majeshi yote. Mzee mwenyewe yuko Ikulu tangu 1986, hana haraka, na mrithi anajifunza kazi taratibu. Kura tunazipangia foleni za nini, enyi Wakenya, kama kazi yaweza kufanyiwa nyumbani?

Wapo wanaodai Uganda haina uhuru wa kusema. Uongo mtupu; Jenerali husema apendavyo, hata usiku wa manane. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija naye alijaribu. Aliandika Twitter hiyo hiyo kwamba Jenerali ni mnene, wala hakutishia kuteka mji wowote. Desemba 2021 akakamatwa, na alipoachiwa alionyesha mgongo uliojaa makovu, kisha akakimbilia Ujerumani. Yeye hakupandishwa cheo.