Barua ya Wazi kwa Capcom: Tunaomba Cheti cha Kifo cha Umbrella

Kwa Wakuu wa Idara ya Hadithi,
Kampuni ya Capcom,
Osaka, Japani.

Waheshimiwa,

YAH: MAOMBI YA CHETI CHA KIFO CHA KAMPUNI YA UMBRELLA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wachezaji wa michezo ya video ya Resident Evil, tulio hai ila tumeishiwa risasi, tunaandika kwa unyenyekevu mkubwa kuulizia habari za adui yetu wa siku nyingi. Tangu mwaka 1996 tumeshika pedi tukipambana na Umbrella, kampuni ya dawa inayotengeneza mazombi kwenye maabara za chini ya ardhi. Jumba la Spencer, mmoja wa waanzilishi wa Umbrella, kule kwenye milima ya Arklay tumelilipua. Mwaka 1998, kwa kalenda ya hadithi yenu, serikali ya Marekani ikauteketeza kwa kombora mji mzima wa Raccoon City. Tukasema basi, gharama ni kubwa, lakini walau mwajiri wa mazombi kaenda na mji wake. Hakwenda.

Msiba wenyewe mlitutangazia mwaka 2005, katika utangulizi wa Resident Evil 4, kwa sentensi chache tu: serikali imesimamisha shughuli za Umbrella, hisa zimeporomoka, kampuni imekwisha. Miaka yote ile tulikuwa tukihangaika na makombora ya begani, kumbe adui alikuwa anaogopa madalali wa hisa! Mngetudokeza mapema, tungeacha bunduki tukajifunza kusoma bei za soko. Mwaka 2007 mkaona haya kidogo. Katika The Umbrella Chronicles mkaturudisha nyuma hadi 2003, mkatupeleka Urusi tukavamie ngome yake ya mwisho. Tunashukuru. Si kila siku mtu anaalikwa kumuua marehemu aliyekwisha kutangaziwa msiba.

Tusieleweke vibaya: kurudi kwa adui si kosa. Kampuni haifi kama afavyo mtu. Jengo likiungua, mtaalamu aliyetoroka anaondoka na ujuzi wake, sampuli zinabaki kwenye mkoba wa mtu fulani, na hakosekani tajiri anayevitaka vyote viwili. Ndiyo maana Resident Evil 5 ya mwaka 2009 tuliipokea bila manung'uniko. Albert Wesker, mtafiti wa zamani wa Umbrella, aliubeba urithi wa Umbrella akaupeleka Tricell, kampuni yenye fedha zake. Maabara ya zamani ya Umbrella huko Kijuju ikafufuliwa, kwa sababu ua lililotoa virusi vya kwanza huota pale. Kila kitu kilikuwa na njia kiliyopitia. Kuhusu wakazi wa Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi, kutukimbiza huku wakipiga kelele kwa Kiswahili, hilo tutaliandikia barua ya pekee. Kwa sasa pokeeni shukrani zetu: ni nadra sana kutishiwa maisha bila kuhitaji mkalimani.

Kisha mwaka 2012, katika Resident Evil 6, mkatuletea Neo-Umbrella. Tulitafuta undugu wake na marehemu tukachoka. Tulichokikuta ni Carla Radames, mwanamke aliyegeuzwa kwa hila akapewa sura ya jasusi Ada Wong, mwenye hasira za haki kabisa dhidi ya bosi wake, akaokota jina linalotisha akalivaa. Adui wa namna hii hatutishi, anatudharau. Anatuambia kwamba yote tuliyobomoa kwa jasho yanaweza kusimamishwa tena kwa kubandika herufi tatu mbele ya jina.

Mwaka 2017, mwishoni mwa Resident Evil 7, ikatua helikopta yenye nembo ya Umbrella. Akashuka Chris Redfield, mtu aliyeichukia kampuni hiyo kuliko sisi sote. Safari hii nembo ilikuwa ya buluu, na wenyewe walikuja kutuokoa! Tulishtuka, kisha tukakubali, maana hapo mlisema kweli kuliko popote. Mkosaji hubadili rangi, hufungua kampuni ya ulinzi, halafu huomba zabuni ya kusafisha uchafu alioumwaga mwenyewe. Na mlikuwa na busara ya kumfanya Chris asiwaamini hao waokozi. Kumbukumbu za ushindi wetu zilikuwa bado zinahesabika.

Mwaka 2021, katika Resident Evil Village, mkafukua zaidi: kumbe Spencer alikuwa mwanafunzi wa Mama Miranda, kiongozi wa kijiji kile, na hata nembo aliitoa kijijini kwa bibi huyo. Kwa hiyo marehemu bado hana kaburi, ila amepatiwa ukoo.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba yafuatayo:

1. Umbrella ipewe cheti cha kifo, ama itangazwe rasmi kuwa ni mgonjwa wa kudumu, ili tupange vizuri matumizi ya risasi.

2. Kila inaporudi, iambatanishe nyaraka: nani alinunua maabara, nani anawalipa wanasayansi, na ni nani kati ya tuliowaua bado anahudhuria vikao vya bodi.

3. Irudi ikiwa na upungufu. Tulichokivunja kibaki kimevunjika, na adui apange mbinu zake akijua hana kitu hicho tena.

4. Jina peke yake lisihesabiwe kuwa urithi.

Tunajua nguvu yetu ya kudai ni ndogo. Mwaka 2025 mlipotangaza Resident Evil Requiem, inayoturudisha kwenye magofu ya Raccoon City, hatukugoma. Tulianza kuhesabu siku. Za mwizi ni arobaini, lakini za Umbrella tunaona zinaongezwa kila tunaponunua toleo jipya. Tunachoomba ni kwamba tukiizika tena, mtuonyeshe mwili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchezaji aliyebakiza risasi mbili

Nakala: Mfilisi wa Umbrella. Iwapo amefariki, tutasubiri arudi.